Mzee Koki na Kitabu cha Kila Mtu

Kwa miaka thelathini na mmoja Mzee Koki alikuwa fundi bomba, na jina alilopewa na wazazi wake lilishasahauliwa hata na wakwe zake. Mgongo ulipomkatalia kuinama chini ya masinki, alikaa kwenye meza ya kulia chakula akaandika kitabu. Aliandika miaka miwili. Mkewe, karani mstaafu, alikichapa chote bila kusema neno, na aliyemfahamu mama yule angejua hiyo si dalili njema.

Kitabu kilitoka na kurasa mia nne na kumi na mbili. Kiliitwa “Mfumo wa Maji Safi na Maji Taka katika Makazi ya Binadamu: Historia, Nadharia na Utekelezaji.” Jalada lilikuwa na picha yake mwenyewe, amevaa suti aliyoshonewa kwa harusi ya binti yake, macho yanatazama mbali.

Alikipeleka kwenye duka la vitabu. Mwenye duka, mama aliyening'iniza miwani shingoni kwa kamba, alikipima mkononi kama anachagua tikiti.

“Nikiweke rafu gani, mzee? Ni cha historia?”

“Sura tano za kwanza, ndiyo.”

“Cha sayansi?”

“Nayo imo.”

“Sasa umemwandikia nani hasa?”

“Kila mtu anayetumia maji.”

Mama alipokea nakala kumi, shingo upande. Akaitazama ile suti, akayatazama yale macho, akakiweka kwenye vitabu vya dini. Mwezi ulipoisha kilikuwa kimetoka kimoja tu, nacho kilirudishwa na mnunuzi aliyelalamika kwamba amefika katikati hajaona mahali pa ubatizo.

“Watu siku hizi hawasomi,” Mzee Koki alimwambia mkewe, akanuna hadi jioni.

Wiki hiyo shemeji yake, mdogo wa mkewe, alikuja kuwatembelea. Huyu aliuza mapazia sokoni, na angeweza kumuuzia pazia hata mtu anayelala kwenye hema. Alikuta viti vimejaa maboksi ya vitabu, akakalia boksi moja.

“Shemeji, hiki kitabu ni cha nani?”

“Cha kila mtu.”

“Thubutu! Mimi nikimwambia mteja pazia hili linafaa kila dirisha, anahamia meza ya jirani. Ninamuuliza: jua linakupiga asubuhi au jioni? Una watoto wanaojifutia mikono kwenye mapazia? Hapo ndipo anatega sikio. Sasa wewe, msomaji wako jua linampiga saa ngapi?”

“Shemeji, hiki si kitambaa. Hii ni elimu.”

“Naona. Nimeikalia.”

Mzee Koki aliona amevunjiwa heshima nyumbani kwake. Wiki mbili nzima hakumpigia simu.

Kisha ikafika Jumamosi ya jirani. Jirani yao alikuwa mwalimu wa hesabu, mtu muungwana aliyekubali nakala ya zawadi na kuahidi kuisoma yote, kwa mpangilio. Asubuhi ile alipiga simu sauti imepanda kama filimbi. Mzee Koki akavuka na kandambili zake, akamkuta mwalimu amesimama juu ya kiti katikati ya sebule, suruali imekunjwa hadi magotini, maji yanazunguka miguu ya kabati. Alishika kitabu, anafunua kurasa kwa kidole kilicholowa.

“Mzee, nisaidie! Bomba la jikoni limepasuka, na mimi bado niko kwenye mabomba ya mbao!”

“Umefika ukurasa wa ngapi?”

“Sitini na nne! Hapa ndiyo kwanza wanachonga magogo!”

“Koki kuu iko ukurasa wa mia tatu themanini na saba.”

“Siyo ukurasa, mzee wangu! Humu ndani ya nyumba iko wapi?”

Mzee Koki aliingia jikoni, akainama huku mgongo ukimlaani, akasukuma pipa la taka, akazungusha mkono wa koki mara tatu. Maji yakakata. Sebuleni kiatu kimoja kilikuwa kikielea taratibu kuelekea mlangoni. Mwalimu alishuka kitini, akakifuta kitabu kwa shati lake.

“Kimeandikwa vizuri sana, mzee,” alisema. “Ila nilikuwa ninazama.”

Mchana huohuo Mzee Koki alimeza aibu yake akapiga simu sokoni.

“Shemeji, nimempata msomaji wangu. Yuko juu ya kiti.”

“Haya, sasa tunaongea. Anataka nini?”

“Anataka maji yasimame.”

“Basi anza hapo.”

Kazi ya kupunguza ilipoanza, ndipo mkewe alipofungua mdomo. Kumbe alikuwa na daftari alimoandika kila ukurasa uliomshinda. “Hapa nilisinzia,” alisoma. “Hapa nilisinzia. Hapa nililala kabisa, ukanifunika shuka.”

“Mbona hukuniambia, mama?”

“Uliniomba nichape. Maoni hukuomba.”

Mzee Koki alipigania sura ya mabomba ya udongo kama mtu anayenyang'anywa shamba, akaachiwa nusu ukurasa. Zilibaki kurasa sabini. Jina jipya likawa “Kabla Fundi Hajafika,” na chini yake maneno madogo: “Maji yanamwagika nyumbani? Anza hapa.” Jalada lilichorwa mtu aliyesimama juu ya kiti; mwalimu aliridhia, mradi pua ibadilishwe. Ukurasa wa kwanza ulieleza jinsi ya kuitafuta koki kuu. Pembeni palitobolewa tundu na kufungwa kamba, kitabu kiweze kutundikwa jikoni.

Shemeji akakataza kisipelekwe tena duka la vitabu kwanza. “Mtu mwenye bomba bovu hatafuti kitabu. Anatafuta bomba.” Wakakipeleka kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, kikawekwa kaunta kabisa, kati ya gundi na tepu. Maboksi ya kwanza yakaisha.

Hapo ndipo mafundi walipokuja juu. Kitabu kilikuwa na sura ya maswali ya kumuuliza fundi, na wateja walikuwa wanayauliza. Wakaja watatu nyumbani, wakiongozwa na mmoja aliyefundishwa kazi na Mzee Koki mwenyewe.

“Mzee, umetuanika! Jana mama mmoja amenisomea ukurasa wa hamsini na mbili, hata begi sijaweka chini. Eti nimwonyeshe kifaa kilichoharibika.”

“Ukamwonyesha?”

“Ningefanyaje? Nikamwonyesha.”

“Akasemaje?”

Fundi alijikuna kisogo. “Leo amenipeleka kwa dada yake.”

Wenzake waligeuka wakamtazama. Mzee Koki akafungua ukurasa wa mwisho, palipokuwa na mstari mtupu na maneno: “Namba ya fundi wangu.”

Yule fundi aliondoka na nakala ishirini, akaandika namba yake katika zote, akawatundikia wateja jikoni kwa mkono wake mwenyewe. Wale wawili hawakukubali kuachwa nyuma. Kabla ya mwezi kuisha, hakuna aliyekisambaza kitabu kile kuliko mafundi waliokuja kukilalamikia.

Shemeji aliposimuliwa alifungua ukurasa ule wa mwisho, akaupapasa kama kitambaa.

“Huo mstari wa namba, nani aliubuni?”

“Dada yako,” alisema Mzee Koki.

Toleo la tatu lilipoandaliwa, alisisitiza jina la mkewe liandikwe kwenye jalada pamoja na lake. Mkewe alilikubali jina. Namba yake ya simu aliikataa katakata: hakutaka kuulizwa habari za masinki anapokunywa chai.