Hesabu ya Nne Kaburini kwa Bibi

Ukitaka kunikasirisha zaidi nikiwa nimeshakasirika, niambie nipumue. Kwani ulidhani hapa nilipo nimekatika pumzi? Siku hizi kila mtu ni daktari wa hasira. Mwalimu wa nidhamu, pumua. Mama, pumua. Hata mpishi wa shule, ambaye maharage yake ndiyo chanzo cha hasira nyingi, naye pumua.

Aliyeanza ni sensei. Sensei ni jina la jioni tu. Mchana ni fundi wa bodaboda pale Masasi mjini, na hata akivaa zile nguo nyeupe za karate, mikono yake inanuka oili. Anatufundisha ndani ya ghala la korosho, miezi ile ghala likiwa tupu. Shuleni jina langu lina makazi ya kudumu kwenye karatasi ya wapiga kelele, sasa ni kidato cha tatu halijahama. Ghalani ndiyo sehemu pekee duniani ambapo mtu mzima amewahi kuniambia, "Vizuri, rudia."

Mwezi wa tano nikamng'oa jino mwanafunzi mwenzangu. Alistahili, ila jino lilikuwa la mbele, kwa hiyo habari ilienea. Sensei akaniita pembeni.

"Ngumi moja tena nje ya ghala hili, mkanda unauacha hapa na mlango unauona kwa nje."

"Hata nikitukaniwa mama?"

"Hata ukitukaniwa ukoo mzima. Vuta kwa hesabu ya nne, shika nne, toa nne. Ukimaliza bado unataka kupiga, anza upya."

"Sasa nikianza upya si atakuwa ameshanipiga yeye?"

Akanipa pushapu hamsini. Huo ndio ulikuwa mjadala wetu wote kuhusu amani ya moyo.

Likizo ya mwezi wa sita nikaenda Makote, kwa Bibi, mama yake mama. Bibi alikuwa ananiita mume wangu, kama bibi wote, ila wa kwangu alikuwa anadai talaka kila nilipochelewa kurudi na maji. Alikuwa na kifua. Si kile kikohozi cha wiki moja. Kifua cha miaka mingi, kinachopiga filimbi ndani, ukilala chumba cha pili unakisikia.

Na mwezi wa sita kwetu ni salfa. Asiyetoka kwenye mikorosho nimweleze: ule unga wa njano hupulizwa alfajiri, upepo haujaamka na majani yana umande, ili ushike maua yasiliwe na ugonjwa wa ubwiri unga. Mjomba, kaka yake mama, ana mgongo mbovu, kwa hiyo mashine ya kupulizia niliibeba mimi mgongoni. Shamba tulilimaliza salama. Ikabaki mikorosho mitatu iliyosimama kando ya nyumba aliyolala Bibi, matawi yake yanagusa bati.

"Mjomba, na hii?"

"Tukiiacha hii, ugonjwa unahamia shamba zima. Mfungie mama mlango, tupulize."

"Si tumhamishie kwa jirani?"

"Alfajiri hii, na baridi hii? Funga mlango."

Tukafunga. Dirishani tukasokomeza gunia, chini ya mlango tukalaza kanga iliyolowa. Tukajiona mainjinia. Sasa, nyumba za kwetu ukuta na bati havikutani. Huachwa nafasi ya shibiri hivi ili joto litoke. Watu wawili wenye akili zao, mmoja anasoma fizikia, hakuna aliyeinua macho. Nikawasha mashine, nikafunga kitambaa puani, na kifua kilipoanza kubana nikakumbuka mafunzo. Nikavuta kwa hesabu ya nne. Nilivuta salfa kwa ustadi ambao sensei angeupigia makofi.

Tulipofungua mlango, mvi za Bibi zilikuwa za njano.

"Mume wangu," akasema, "leo umenipaka poda?"

Tukacheka. Huo mzaha aliusimulia kwa kila aliyepita, ila kila siku aliusimulia kwa pumzi ndogo zaidi. Nikakaa naye barazani nikamfundisha. Vuta, Bibi, moja, mbili, tatu. Hakuwahi kufika tatu.

"Mbili zinanitosha," akaniambia. "Hizo nyingine kampe mke mdogo."

Mwezi wa nane nikaitwa ofisini shuleni. Nilidhani ni jino.

Msibani hakuna aliyetaja salfa. Walisema kifua chake cha siku zote. Walisema umri. Mjomba alisema mapenzi ya Mungu, mara nyingi, kwa watu ambao hawakuwa wamemuuliza. Mimi nilibeba viti, nikapasua kuni, na nilikuwa na hasira hadi meno yaliniuma. Kila niliyetaka kumkasirikia, ilibidi nianze na mimi mwenyewe.

Ndipo akaja mtani.

Kwetu Mmakonde akifa, Myao anakuja kumtania, na siku yake ikifika sisi tunamlipa. Mtani msibani anaruhusiwa kila kitu: kuvaa nguo za marehemu, kumwiga anavyotembea, kuwacheka wafiwa. Kumkasirikia ni aibu. Kumpiga ni jambo ambalo ukoo utatajwa nalo hata wajukuu wako wakiwa na mvi. Huyu wetu ni muuza mitumba mwenye kitambi. Alitokea nyuma ya nyumba amejifunga kanga ya Bibi, mgongoni amebeba ile mashine. Mashine yenyewe. Mkononi ana bakuli la unga wa muhogo, anawarushia waombolezaji usoni huku akinguruma kama injini.

Watu walicheka. Mama alicheka huku analia. Akafika mbele ya mjomba akazima injini, akainama, akaanza kukohoa. Aliiga kila kitu, na ile filimbi. Mimi ni mwigaji mzuri, nimewahi kumwiga mwalimu wa nidhamu akiwa nyuma yangu, najua kazi nzuri nikiiona. Ile ilikuwa kazi nzuri. Nilitaka kumuua.

Makaburini, kabla jeneza halijashushwa, akaingia shimoni akasimama katikati. Padri akafunga kitabu akasubiri, maana hata padri ana watani.

"Sitoki," mtani akasema kwa sauti ya Bibi. "Sitoki mpaka niambiwe nani alinipaka poda."

Safari hii hawakucheka wengi. Mimi nilikuwa nimeshafika ukingoni na ngumi imekaa sawasawa, kidole gumba nje, kama nilivyofundishwa. Kichwa chake kilikuwa usawa wa goti langu. Hata kulenga kusingehitajika.

"Mume wangu, mbona umevimba? Unakuja kunipa talaka?"

Nikavuta. Moja, mbili. Pale kwenye mbili nikamkumbuka Bibi alivyokuwa akiishia hapo, na hasira badala ya kushuka ikapanda, kwa sababu mimi tatu nilikuwa nayo, na nne nilikuwa nayo, mapafu yangu yamejaa tele kama gunia la korosho, na nilikuwa nayatumia kujizuia nisimpige mnene mmoja aliyevaa kanga. Nikashika. Mama alikuwa ng'ambo ya shimo ananitazama ngumi. Hakusema pumua. Aliziba mdomo tu.

Nilipotoa, pumzi ilitoka na maneno ambayo sikuyapanga.

"Mimi ndiye niliyebeba mashine."

Nikavuta tena, maana bado nilitaka kupiga, na amri ya sensei ilikuwa nianze upya. Nilifika tatu niliposikia sauti nyuma yangu.

"Mimi ndiye niliyesema mlango ufungwe," mjomba alisema. "Mtoto aliniambia tumhamishe. Nilikataa."

Alisema akiangalia viatu vyake, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko mwili wake. Nilidhani nitamhurumia. Sikumhurumia. Nilimkasirikia zaidi, kwamba alikuwa na sentensi hiyo tangu mwezi wa sita na akaikalia.

Mtani akaivua ile kanga, akaikunja vizuri, akamrushia mama. Akarudi kwenye sauti yake mwenyewe.

"Haya. Nishikeni mkono nitoke, humu ndani mna baridi."

Hakuna aliyesogea. Aliyekuwa karibu ni mimi, na mkono wangu ulikuwa ngumi. Ilibidi niufungue. Nilimvuta kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, ili bega limuume kidogo, na akaguna, kwa hiyo nadhani lilimuuma.

Tukamzika Bibi. Mjomba alichukua koleo upande wake, mimi upande wangu, hatukutazamana. Jioni mtani aliingia bandani akamchukua jogoo wetu mkubwa bila kuomba, kama ilivyo haki yake, akapita mbele yangu amemshika miguu.

"Asante, mume wangu," akasema.

Nikavuta kwa hesabu ya nne. Bado nilitamani kumpiga. Nikaanza upya.