Nani Atamwita Mwanasiti

Usiku ule nililala na hasira. Jioni mama Rehema alikuja kunibembeleza, nikamjibu kwa mkato, "Tafuta mtu mwingine." Akaondoka akisema kwamba bila mimi bintiye hapandi jukwaani, na mchezo ndio basi tena.

Kesho yake Rehema alikuwa aigize Mwanasiti, yule msichana wa tamthilia ya kale ya mji wetu, anayekunywa sumu siku ya harusi badala ya kuolewa na muuaji wa kaka yake. Hapa kwetu hakuna asiyemjua. Mtoto wa kike akiwa mbishi, mama yake humwambia, "Usinifanyie Umwanasiti hapa." Na desturi inajulikana: Mwanasiti akishakufa, mwigizaji haamki mwenyewe. Hulala pale pale mpaka mwanamke aliyewahi kuwa Mwanasiti asimame kati ya watazamaji, amwite kwa jina lake la nyumbani. Asipoitwa, ni uchuro. Mwitaji alikuwa Bi Salma, mwalimu wangu. Katika wote waliowahi kufa kifo kile nimebaki mimi, na tangu tumzike sijatia mguu ukumbini.

Usingizi ukanichukua, nikajikuta jukwaani, chali, kikombe mkononi. Nimekufa kama nilivyokufa usichanani. Nasubiri kuitwa. Kimya. Nafungua jicho moja, kosa ambalo Bi Salma asingelisamehe, naona viti vyote vitupu.

Mara si ukumbini tena, ni jikoni kwa Bi Salma. Bado nimelala sakafuni, naye amekaa kwenye kigoda anapepeta mchele, pumba zinaniangukia usoni. Miwani yake ni ile ile iliyofungwa uzi. Hanitazami.

"Niite, Mwalimu. Nimechoka kulala."

Anapepeta. "Mimi ni wa huko, mwanangu. Wafu hawaamshi mtu."

"Sasa nani ataniita? Nyote mmeniacha."

Akaweka ungo chini, akanitazama kwa ukali ule ule wa mazoezi. "Zamu yako ya kulala ilikwisha zamani. Hebu angalia aliyelala."

Nageuza shingo. Pembeni yangu yupo Rehema, kafumba macho, midomo inamtetemeka kwa kujizuia asipumue. Pumba zimemkaa kwenye kope. Anasubiri. Nataka kumwita, nafungua kinywa, kumbe silijui jina lake la nyumbani. Namgeukia Bi Salma nimuulize. Kigoda kitupu, mlango wa uani uko wazi. Nikalia kilio ambacho sikukilia makaburini.

Nilizinduka mto umelowa, majogoo wanawika. Nyumba yangu ilikuwa kimya kama kila siku, sauti yangu tu ndiyo iliyokuwa ikihangaika, "Wewe, mtoto, wewe…" Sikungoja chai. Nilijitanda kanga, nikaenda kugonga kwa mama Rehema. Alifungua na macho mekundu, nadhani naye hakulala. Salamu zilinishinda.

"Mama Rehema," nikasema, "nyumbani mnamwitaje huyu mtoto?"