Supu Nyeusi Niliyoikana

Ndugu zangu, mimi ni mzima leo, na namshukuru Mungu. Ila sehemu ya habari hii naisimulia macho yakiwa chini.

Wakati wa Mwingereza nilikuwa nafua nguo Makambako, kwa seremala mmoja Mchina. Mkewe tulimwita Mama Mei, kwa jina la binti yao. Nilikuwa na nguvu. Kila asubuhi nilitembea kutoka kwetu Lyamkena hadi kwao, hata mimba ilipokuwa kubwa.

Nilijifungulia nyumbani, mtoto wa kiume, Lutengano. Siku ya tatu nikaanza kutetemeka. Tumbo la chini liliwaka, na damu ikanuka hata nikaona haya mume wangu kunikaribia. Akanipeleka hospitali ya misheni.

"Kipande cha kondo la nyuma kimebaki ndani, kimeoza," daktari alisema. Akanisafisha, nikaanza kuchomwa sindano za penisilini.

Sista wa wodi, Mwingereza, alifungua madirisha akanipangusa kwa maji baridi ili homa ishuke. Mama Mei alipokuja kunitazama alishtuka. Akafunga dirisha, akanivisha soksi.

"Mzazi hapana pata upepo," alisema. "Kwetu, mwezi mzima, joto tu."

Akanipa supu ya miguu ya nguruwe, nyeusi kwa siki na tangawizi. Siku nne nilikuwa natapika kila kitu. Hiyo ilikaa tumboni. Nikamwomba aniongeze.

Sista akaingia, akanusa bakuli, uso ukamwiva. "Dawa gani hii? Nani amekupa?"

Dawa za nje zilikatazwa wodini, nikaogopa kufukuzwa kabla sijapona. Mama Mei akiwa amesimama palepale, nikasema, "Amenilazimisha, Sista."

Neno hilo Mama Mei alilielewa. Hakubisha. Alitolewa nje mbele ya wagonjwa wote, akiambiwa ni mchafu, anataka kuniua. Supu ikamwagwa.

Jioni mume wangu aliniuliza, "Kweli alikulazimisha?" Nikageukia ukutani.

Homa ilishuka, damu ikaacha kunuka, maziwa yakarudi. Siku ya kuruhusiwa nilimwambia Sista, "Nilidanganya. Supu niliiomba mwenyewe."

"Na mimi sikumuuliza yule mama mwenyewe," alisema.

Nikaenda Makambako na mtoto mgongoni. Nikapiga magoti mlangoni, nikaomba radhi. Mama Mei hakuniambia nikae.

"Sokoni watu naita mimi mchawi," alisema. "Mei nalia, hapana taka toka nje."

Akamfunua Lutengano, akamtazama vizuri, akamfunika tena hadi shingoni. "Mtoto mzuri. Kazi, nimepata mtu mwingine."

Nikarudi Lyamkena nikilia njia nzima.

Nyinyi kina mama, mkitetemeka baada ya kuzaa, msikae nyumbani. Kimbieni hospitali. Na mkiulizwa mmekula nini, na nani kawapa, semeni kweli, hata mkiogopa. Namshukuru daktari, namshukuru Sista. Na Mama Mei, niliyemkana mbele ya watu, namshukuru mbele ya watu.