Umefika kwa Mtu

King'ora kilipolia kwenye kompyuta ya binti yake, mwanamke ambaye mtaa mzima unamwita Opereta alikuwa anatafuta namna ya kutoa doa la mafuta kwenye kitambaa cha sofa. Alikuwa amebonyeza picha ya chupa ya sabuni, basi. Skrini nzima ikawa nyekundu, na sauti kavu ya mwanamume ikaanza kutangaza: kompyuta hii imeingiliwa na virusi, mafaili yote yatafutwa, usiizime, piga namba hii sasa hivi.

Akabonyeza alama ya kufunga. Onyo likazaa lingine. Akabonyeza tena, maonyo yakajazana mpaka pembeni.

Wifi yake, ambaye wanaishi naye tangu kaka yake, mume wa Opereta, alipofariki, alichomoza kutoka jikoni na mwiko mkononi.

"Umegusa nini tena?"

"Sijagusa kitu."

"Hujagusa, na inalia kama gari la zimamoto! Mwenye mali si alisema isiguswe mpaka arudi?"

Alisema kweli. Binti huyo ni msanifu wa majengo, na ndani ya kompyuta ile mlikuwa na michoro ya zahanati, kazi ya kwanza aliyokabidhiwa peke yake. Kesho asubuhi angesimama mbele ya wateja kuieleza. Nakala nyingine hakuwa nayo. Kile kidude chake cha kuhifadhia kilikuwa kimekufa, na sasa hivi alikuwa mjini kununua kingine. Opereta alilijua hilo vizuri.

"Itafuta kila kitu," alisema. "Imesema yenyewe."

"Basi piga hiyo namba, mwanamke! Unasubiri nini, ikupigie yenyewe?"

Opereta si mtu wa kuogopa dharura. Ujana wake wote aliumalizia katika chumba kisicho na dirisha, chini ya ngazi za hospitali kubwa, akiunganisha simu. Walimpigia watu wanaolia, watu wanaotukana, watu waliosahau hata jina la mgonjwa wao. Huko ndiko alikotunga sentensi iliyomjengea jina: "Umefika kwa mtu, siyo kwa mashine. Vuta pumzi kwanza, kisha nieleze." Aliyekuwa akifoka alinyamaza, akavuta pumzi, akaeleza.

Hospitali ilipoweka mtambo wa kujibu simu, bonyeza moja, bonyeza mbili, aliondoka akafungua darasa la wapokea simu katika chumba cha kupanga juu ya duka la viatu. Wasichana wake walikaa kila mmoja na kioo kidogo mezani, kwa sababu uso ulionuna husikika hata usipoonekana. Sentensi waliikariri mpaka ikawa inawatoka bila kufikiri. Nyumbani nako hakuiacha. Anayepiga kuuliza kama maji yamerudi mtaani huambiwa avute pumzi kwanza. Wifi, ambaye akiinua simu hufoka tu "Nani?", alipigwa marufuku kuigusa.

Opereta akavuta simu ya mezani, akapiga. Iliita mara moja tu.

"Asante kwa kupiga," ilisema sauti ya msichana, laini, yenye tabasamu. "Umefika kwa mtu, siyo kwa mashine. Vuta pumzi kwanza, kisha nieleze."

Opereta hakuvuta pumzi. Aliishiwa nayo.

"Haloo? Usiogope, mama. Niko nawe. Unaona rangi gani kwenye skrini?"

"Nyekundu."

"Vizuri sana. Tutaiondoa pamoja, hatua kwa hatua."

Hata hiyo "hatua kwa hatua" ilikuwa yake. Hata kule kutua kidogo kabla ya "pamoja" kulikuwa kwake. Mwili ukatii wakati akili imeganda: akafungua ukurasa aliotajiwa, akapakua programu ndogo aliyoelekezwa. Kisanduku kikatokea, tarakimu zimejipanga ndani.

"Nisomee hizo tarakimu, mama, nami nitaingia nitoe virusi mwenyewe."

"Msomee!" wifi alimsukuma bega. "Mwenzio anakusaidia, wewe umetoa macho!"

Opereta akafungua mdomo. Hapo ndipo alipozisikia sauti nyingine, kwa mbali, nyuma ya msichana. Nyingi, kama darasa. Umefika kwa mtu, siyo kwa mashine. Mwingine: vuta pumzi kwanza. Mwingine tena, na mwingine, chumba kizima.

"Kioo kipo?" aliuliza.

"Samahani?"

"Kioo kidogo. Umekiweka mbele yako?"

Wifi akashusha mwiko.

"Mwalimu?" sauti ilisema, na sasa haikuwa na tabasamu lolote. Ilikuwa imeshuka karibu kuwa pumzi. "Usisome hizo tarakimu. Hakuna kirusi, ni ukurasa tu. Shikilia kitufe cha kuwashia mpaka izime. Ukiiwasha, futa ile programu. Usipige tena hapa." Kisha kwa nguvu, ya kusikiwa na mtu aliyesimama karibu: "Samahani mteja wetu, laini yako ni mbovu!"

Simu ikakatwa.

Opereta alishikilia kitufe. Wekundu ukatoweka, na king'ora nacho.

"Umeiua," wifi alinong'ona. "Mtoto wa watu anarudi, nawe umeiua."

Wakaketi kumngoja binti. Binti alipoingia, alitazama skrini nyeusi, akawatazama wao, akaweka kifurushi chini taratibu.

"Mama. Nilisema nini?"

Opereta akamweleza kuhusu programu na tarakimu. Binti akaiwasha akiwa amesimama. Akafuta programu. Akagonga jalada la zahanati, na michoro ikafunguka mmoja baada ya mwingine: wodi, ngazi, dirisha juu ya kitanda. Ndipo akaketi.

"Ungewasomea zile tarakimu wangeingia humu kama kwao," alisema, kisha akanakili kila kitu kwenye kidude kipya mara mbili. "Nani aliyekuambia uzime?"

"Mwanafunzi wangu."

"Yupi?"

Opereta alikuwa akiwapitisha kichwani wote, uso kwa uso, kila mmoja na kioo chake. Wote walikuwa na sauti ile ile. Ndiyo kazi aliyowafundisha.

"Sijui," alisema. Neno hilo alikuwa akiwakataza wanafunzi wake.

Simu ya mezani ikalia. Binti na wifi walimgeukia, wakingoja. Ililia tena, na tena. Opereta aliitazama tu, mikono mapajani, mpaka wifi akanyanyuka mwenyewe akaichukua.

"Nani?" alifoka.

Hakuna aliyemkataza.