Vigae vya Jikoni Vilivyonipa Mke

Wakuu, mimi niliwahi kuharibu kazi mbele ya mashahidi, na malipo yangu yakawa mke.

Sitanii. Vuteni viti.

Ilikuwa mwaka wa sitini na nne, pale Busia upande wa Uganda. Mimi Osire, mtu wa Iyolwa, kijana wa miaka ishirini na minne, mwiko mkononi na kichwa kimevimba.

Nilikuwa nimesaidia kubandika vigae kwenye bafu mbili za wakubwa kule Tororo. Bafu mbili tu. Lakini ungenisikia nikiongea, ungedhani mji mzima nimeubandika mimi.

Nikampenda Teopista, binti wa Mzee Maloba, mnunuzi wa pamba.

Mzee alikuwa anamalizia nyumba yenye jiko la ndani na sinki la maji ya tangi. Mambo makubwa siku zile.

Akaniita. "Kijana, unamtaka binti yangu, na unasema wewe ni fundi. Bandika vigae ukuta wa nyuma ya sinki. Nikiupenda, lete wazee wako. Nisipoupenda, nisikuone hapa tena."

Ukuta mmoja. Futi tisa na inchi mbili. Nikacheka moyoni.

Siku ya kwanza mama yake Teopista, Mama Benedeta, akaingia, akachuchumaa, akaanza kupanga vigae vikavu sakafuni.

"Mwanangu, anzia katikati, chini ya dirisha, ili kona zote mbili zipate vipande vya kueleweka. Ukianzia mlangoni, kule mwisho utabaki na kijipande."

"Mama," nikamjibu, "wewe unajua kuanika mtama. Ukuta niachie mimi."

Teopista alikuwa kando anapepeta. Ungo ukasimama.

"Na ukingo wa juu?" mama akauliza, mpole kabisa. "Tororo wanauza vigae vyenye upande wa mviringo. Mkono wangu utapita hapo na kitambaa kila siku."

"Hivyo vya kizamani, mama. Nitakuwekea ukanda wa bati. Utang'aa."

Bati lenyewe nililikata kwenye debe la mafuta ya taa.

Basi nikaanzia mlangoni. Vigae kumi na vinane vizima, safi. Kisha kona ya pili ikaniachia nafasi ya vidole viwili.

Kukata kigae upana wa vidole viwili kwa koleo ni kama kukata biskuti kwa shoka. Vitatu vinapasuka, cha nne kinakubali, nacho kinatoka na meno. Safu nne nilizibandika hivyo. Kona ikawa kama mdomo wa mtu anayenicheka.

Siku ya ukaguzi Mzee akaja na Emojong, yule fundi wa Tororo niliyekuwa nambebea simenti kwenye zile bafu.

Emojong akainama konani. "Osire, hiki ni kigae au ni mtoto wa kigae?"

"Ni mtindo."

"Mtindo wa nani?"

Mama Benedeta akapitisha kitambaa juu ya ukingo. Bati likakinasa, kikachanika. Akaninyooshea kidole chenye damu.

Mzee akakohoa. "Kijana, tulikubaliana nini?"

Nikamwona Teopista akiondoka maishani mwangu. Nikaingilia haraka. "Baba, nipe nafasi. Nitabandua vyote nianze upya, hata nikae humu jikoni miezi miwili. Na kila mwaka nitakuwa nakuja kurekebisha."

Mama Benedeta akashtuka kama aliyemwagiwa maji.

"Baba Teopista," akasema, "mwache kijana. Alete wazee wake."

"Lini?"

"Wiki hii. Hata kesho."

Emojong alinitazama kama mtu aliyeona mbuzi anapewa baiskeli.

Wazee wakaenda, ng'ombe wakaenda, nikaoa. Iyolwa nzima niliitangazia kwamba mama mkwe ameuona moyo wangu. Kila tulipopita karibu na nyumba ile niliwaonyesha watu kwa kidole: "Jikoni mle kuna kazi yangu."

"Tunajua," walikuwa wakijibu, na kugeuza nyuso.

Miaka saba ikapita. Siku moja Teopista anamenya ndizi, mimi najisifu mbele ya watoto.

"Baba watoto, unajua kwa nini mama alikuwa na haraka?"

"Alinipenda."

Akacheka mpaka akaweka kisu chini.

"Mama alisema hivi: fundi atarudi jikoni kwangu kila mwaka, lakini mkwe hatakanyaga humo mpaka nife."

Kwetu na kwao ni mamoja: ukishaoa, jiko la mama mkwe si mahali pako. Hata kumsalimia ni kwa mbali, macho chini.

"Ng'ombe walifika Jumamosi," akaendelea. "Jumatatu Emojong alibandua kila kigae. Akaanzia katikati, chini ya dirisha. Juu akaweka vya mviringo. Busia nzima imeuona ukuta ule, isipokuwa wewe."

Watoto walicheka kuliko mama yao.

Basi, vijana wa vigae: kabla hujachanganya simenti, panga vikavu sakafuni, na umwite atakayeufuta ukuta huo kila siku akuambie ukingo anaoutaka. Anajua kuliko koleo lako.

Na wewe unayeringa kwamba wakwe walikukubali haraka haraka, uliza kwanza walikuwa wanakuondoa wapi.