Friji Lililotokea Dirishani

Friji la ndani ya gari-nyumba letu lilianza kunuka mkojo wa mbuzi wakati wa kuvuna maharage, na siku ile ile nilijua kazi hiyo itaniangukia mimi. Kwetu kila kinachoharibika kina mtu wa kukisikitikia na mtu wa kukishughulikia. Mume wangu husikitika vizuri sana.

Niseme kwanza gari lenyewe lilikotoka. Wazungu wawili, mtu na mkewe, waliokuja kufanya kazi za misaada makambini, walikuwa wakilala ndani yake badala ya kupanga nyumba. Lina kitanda, jiko la gesi, sinki dogo, kabati na friji. Walipoondoka Kasulu walimuuzia mume wangu, ambaye alikuwa amestaafu ualimu wa chuo na mafao yanamuwasha mfukoni. Wenzake walinunua mashamba. Yeye akanunua gari lenye kitanda. Likakaa uani chini ya mkaratusi, kuku wakalifanya kwao, nami nikawa na nyumba mbili za kufagia.

Halafu sukari ikamchukua mguu wa kushoto, kuanzia chini ya goti.

Mume wangu ni Mpare wa Same. Serikali ilimleta huku akiwa kijana, akanioa mimi, binti wa wakimbizi wa Kirundi, niliyezaliwa upande wa Mabamba na kupata uraia nikiwa na watoto tayari. Kwao alikuwa akienda likizo tu. Mama yake bado yu hai, mzee sana, macho yamekwisha, na kila akipigiwa simu huuliza jambo moja: unakuja lini? Kusafiri kwa basi mume wangu hawezi. Akikaa sana kwenye kiti, kigutu kinavimba, mguu wa bandia hauingii tena. Na ile sindano yake ya insulini inataka baridi, wakati kwa mama yake kuna joto la kukaangia mayai na umeme haujafika kitongojini. Hapo ndipo lile gari la kuku lilipogeuka kuwa kitu cha maana. Angelala njiani, na dawa ingesafiri ndani ya friji na kukaa humo mpaka mwisho. Mdogo wangu, dereva wa malori, alikubali kutuendesha. Kilichokuwa kinatuzuia ni friji.

Nilichoka kabla kazi haijaanza, na sababu haikuwa kazi. Jioni moja nilimsikia akiongea na mama yake kwa Kipare. Anadhani sikijui. Nimekaa na mtu huyu tangu sina mvi, nitaachaje kukijua? Alikuwa anamuuliza kama kando ya kaburi la baba yake bado pana nafasi.

Nilirudi jikoni nikaendelea kuchambua maharage. Lakini tangu siku hiyo, kila nilipohangaikia friji hilo, nilijua ninamtengenezea mume wangu njia ya kwenda kulala mbali na mimi. Mimi wazazi wangu wamezikwa Mabamba, watoto wako Dar, shamba langu liko Kasulu. Atakayekwenda kupalilia kaburi Same ni nani? Nilikasirika, halafu nikaona aibu kumkasirikia mgonjwa, halafu nikakasirika tena.

Fundi wa friji alikuja, mtu mrefu anayeongea Kiswahili cha kwetu chenye Kiha ndani yake. Alichungulia nyuma ya friji, akakohoa, akatoka mbio.

“Hili haliponi, mama,” akasema. “Ni yale ya gesi, hayana mota. Moto unachemsha dawa kwenye mabomba, ndiyo baridi inapatikana. Sasa bomba limeoza, dawa inavuja. Ni amonia hiyo.”

“Linazibika?” mume wangu akauliza kutoka kwenye kiti chake.

“Mwarimu, mimi nina watoto.”

Basi tukatafuta jingine. Mdogo wangu alilipata Kibondo, kwenye ofisi moja iliyokuwa inafunga kazi na kuuza vyombo vyake: friji la betri, dogo, zuri, linalotumia umeme wa gari. Alilileta juu ya magunia ya maharage, limesimama wima na kufungwa kamba kama mtuhumiwa. Nikadhani tumemaliza. Kumbe kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. La zamani lilikuwa refu, karibu urefu wa mtu, na mlango wa gari ni mwembamba. Inaelekea waliolitengeneza waliweka friji kwanza, kisha wakalijengea gari pembeni. Fundi alipima kwa kamba, akapima tena, akakaa kwenye ngazi ya gari akashika kichwa.

“Litatokea dirishani,” akasema.

Siku ya kulitoa walikuja wanaume wa kutosha. Fundi alifunga mtungi, akafungua bomba la gesi kwa spana, akachomoa skrubu zilizoliwa na kutu. Dirisha kubwa la nyuma likang'olewa pamoja na fremu yake. Friji lilipovutwa kutoka mahali pake, lile bomba bovu likakatika kabisa na harufu ikatuvaa. Sijawahi kuona wanaume wazima wakilia namna ile. Macho mekundu, makamasi, kila mmoja amejifunga kitambaa puani. Fundi akaniomba shuka la kulifunikia, maana lilikuwa linadondosha maji ya njano. Nikampa lililokuwa karibu, shuka jeupe la kitanda cha mume wangu. Wakalifunga vizuri ncha zote, wakalilaza, wakalitoa dirishani taratibu, wengine wakipokea chini.

Mume wangu harufu ilikuwa imemuumiza kichwa. Akaingia ndani ya nyumba kulala chumba cha nyuma, akafunga mlango asisumbuliwe, na redio yake kifuani kama kawaida. Mimi nikapanda bodaboda kwenda mjini kununua silikoni ya kuzibia dirisha na skrubu mpya. Wanaume nao wakalipakia lile friji kwenye kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, wakaketi kulizunguka wakilishikilia, wakaelekea kwa wanunua chuma chakavu. Hawa wako barabara ya hospitali, jirani kabisa na chumba cha maiti.

Sasa jiwekeni mahali pa jirani yangu mwanamke, aliyekuwa akipalilia upande wa pili wa ua. Anajua mwalimu ni mgonjwa. Anajua mchana hupenda kulala ndani ya gari. Anainua kichwa na kuona wanaume wanatoka na kitu kirefu kimefungwa shuka jeupe, kimetolewa dirishani, wote wanalia, wamefunga pua, wanakipakia na kwenda barabara ya hospitali. Na nyumba imefungwa, mwenye nyumba hayupo. Mimi ningefikiri nini?

Akatupa jembe.

Kwetu msiba hausubiri kadi ya mwaliko. Mimi sokoni nilichelewa, maana muuza duka alinitolea silikoni iliyokauka, tukabishana. Niliporudi, kabla hatujafika nyumbani, niliona wanawake wanapita na kuni kichwani, wengine na maharage kwenye ungo, wamejifunga kanga kiunoni. Nikajiuliza nani tena, maskini. Nilitaka kuwauliza lakini bodaboda ilishawapita. Kisha nikaona turubai limefungwa kwenye mkaratusi wangu. Mabenchi ya kanisani yamepangwa. Wanaume wamekaa kimya, moto unawaka, na wanawake wanaimba wimbo ule wa kuaga, mwimbishaji akiwa jirani yangu mwenyewe. Kijana wa bodaboda akazima pikipiki, akavua kofia, akasema, “Pole, mama.” Nauli hakuipokea.

Nilishuka nikiwa na kile kifuko cha skrubu mkononi. Watu husema habari mbaya ikikupata unapiga kelele. Mimi sikupiga. Kitu cha kwanza kilichonijia kichwani ni hiki: sasa nani atalirudishia dirisha? Cha pili, kwamba sitakwenda Same. Cha tatu sikukifikia, nikakaa pale pale kwenye vumbi. Wanawake wakanijia. “Yoo, mama we! Mwarimu yapfuye!” Mwalimu amekufa, ndivyo walivyokuwa wakilia. Wakanishika mabega, mmoja akanivua kandambili. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba mikono yao ilinifaa. Nikawaegemea wote, nikafunga macho, nikaanza kulia. Nililia kwa ajili ya mguu, kwa ajili ya sindano za kila asubuhi, kwa ajili ya kile Kipare cha kwenye simu. Nililia mambo ambayo hata maiti haikuhusika nayo.

Ndipo mlango wa nyumba yangu ukafunguliwa kutoka ndani.

Mume wangu akatoka. Amevaa shati jeupe, koti la harusi ya binti yetu, mguu wa bandia na fimbo. Kumbe kilio kilimwamsha, akajua kuna msiba kwa jirani, na kwa kuwa yeye ni mtu wa adabu akaanza kujiandaa kwenda kutoa pole. Kuufunga ule mguu humchukua muda, na kufunga tai humchukua zaidi. Akasimama barazani, akatutazama, uso umejaa huzuni ya kiungwana.

“Poleni sana, ndugu zangu,” akasema. “Ni nani huyo aliyetutoka?”

Sitaeleza vurugu iliyofuata. Benchi moja lilivunjika. Mwimbishaji alikimbilia kwenye mibuni ya watu, na kumrudisha ilikuwa kazi. Kuna mzee aliyebaki amekaa, akasema tu kwa sauti, “Lisemwalo lipo, kama halipo laja,” mkewe akamchapa begani.

Mimi nilikwenda hadi barazani nikamshika mume wangu usoni kwa mikono miwili, mbele za watu, jambo ambalo sikulifanya hata siku ya ndoa. Alikuwa na joto. Alinuka amonia.

“Umeleta skrubu?” akaniuliza.

Baada ya hapo watu kuondoka ikawa haiwezekani. Jirani yangu, aliporudishwa, alisema kuni zilizoletwa msibani hazirudi nyumbani, ukizirudisha unabeba kifo kwenda nacho kwako. Wakakubaliana yote yapikwe na kuliwa pale pale. Simu yangu nayo ilikuwa imejaa watoto wanaolia kutoka Dar, maana mtu alisharusha habari WhatsApp. Nikampa baba yao awajibu, akawagombeza kwa kutomjulia hali mara kwa mara. Kirikuu kikarudi na wanaume wake, macho bado mekundu, wakashangaa kukuta pilikapilika na maharage yanachemka. Fundi alicheka hadi akakaa chini, kisha akala sahani mbili.

Mtu mmoja ndiye ambaye hakuonekana kwenye vurugu, mume wa jirani yangu. Alikuja watu wakiwa wanakula, jembe begani, udongo mwekundu mpaka magotini. Alipomwona mwalimu anakunywa chai, alisimama akakodoa macho. Kumbe wanaume wa msibani walipokuwa wananingoja walijadili mazishi. Wengine walisema watumishi wa serikali husafirishwa kwao. Yeye akawauliza, “Kwao wapi? Ameishi na sisi mpaka amezeeka, ametusomeshea watoto, na leo tumpakie kama gunia?” Akaondoka na jembe lake akaenda kufungua kaburi kwenye shamba lake mwenyewe, ukingoni mwa migomba. Alikuwa amefika kiunoni.

Mume wangu aliweka kikombe chini, akachukua fimbo, wakaondoka wote wawili taratibu kuelekea kwenye migomba. Walikaa huko muda mrefu.

Sisi tukaendelea na kazi, maana dirisha lilikuwa wazi na mawingu yanakusanyika. Friji jipya likapitishwa, likakaa mahali pake, fundi akaunganisha waya kwenye betri, akaziba zile tundu za hewa za zamani kwa bati na silikoni. Dirisha likarudishwa. Taa ya kijani ikawaka. Watu walipokwisha kutawanyika nilihamisha chupa za insulini kutoka ndani ya nyumba, nikazipanga, nikafunga mlango wa friji. Hakuna kilichobaki cha kutuzuia. Nikakaa kwenye kitanda cha gari nikihisi mgongo wote unauma.

Alikuja jua likizama. Nikamshika akapanda ngazi, akakaa kando yangu akatazama taa ya kijani.

“Tuondoke Jumatatu,” akasema.

Nadhani ni uchovu ulionifungua mdomo. “Na kurudi?”

Alikuwa anafungua mikanda ya mguu wa bandia, mmoja baada ya mwingine, nami nikajua kwamba sasa atasema, na kwamba sitaki kusikia.

“Jirani anaona vibaya kuacha lile shimo tupu,” akasema. “Anataka kulifukia apande mgomba. Nimemkataza. Mgomba ukishashika, kuung'oa ni kazi. Nimemwambia apande mihogo.”

“Mihogo?”

“Ndiyo. Nikishamwona mama, tukarudi, siku yangu ikifika waing'oe kwa mkono tu. Sitaki kumharibia mtu migomba yake.”

Nilimtazama. Halafu nikalia upya, na safari hii nilijua ninalilia nini. Yeye akaniuliza kwa ukali nina nini tena, mbona siku nzima nalia tu. Nikamwambia anyanyue mguu nifagie hizo skrubu za kutu zilizomwagika chini.