Marumaru za Bafuni Kwangu

Shule niliishia darasa la nne, lakini serikali ilipofungulia biashara huria nilikuwa wa kwanza mtaani kwetu kuweka marumaru bafuni, tena nilizifuata mwenyewe Nairobi. Basi marumaru hizo hizo ndizo zilizoniangusha. Niliteleza kwenye povu la sabuni, mkono ukavunjika, nikashindwa hata kuinuka.

Sasa mwanamume mzima aliyepigwa na bafu lake atamwambia nani? Nikawaambia watu pikapu yangu ilipinduka Ngaramtoni nikitoka safari. Kila aliyekuja kunipa pole nilimpindulia gari mara moja zaidi, mpaka usharika ukanipangia ibada ya shukrani. Nami nilikuwa nautaka uzee wa kanisa, nikaona kampeni imejileta yenyewe.

Jumapili nikasimama mbele na plasta yangu, nikapindua gari mara nne. Akina mama wakalia. Mchungaji akauliza kama kuna mwanafamilia mwenye neno, akainuka mama mkwe wangu, aliyekuwa mgeni wetu kutoka Akheri. Tangu niumie, alikuwa hali chakula mezani kwangu wala hanitazami.

"Bwana Yesu asifiwe," akasema, macho chini. "Habari za gari mimi sizijui. Binti yangu alikuwa sokoni, nikasikia baba huyu analia bafuni, nikaingia kumwinua. Naomba mniombee, wapendwa. Nimemwona mkwe wangu kama alivyozaliwa."

Mchungaji akajifunika uso kwa kitabu cha nyimbo, mabega yakimtikisika.